Kibali cha Beti Ambazo Hazijatungwa

"Lete maneno ya nyimbo zote," alisema Bwana Robledo bila kuinua macho. "Nakala tatu, na tafsiri ya Kihispania pembeni."

"Hayapo," akajibu Bixenta Urkiaga.

"Umeyasahau nyumbani?"

"Hayapo popote, bwana. Yatakuwepo Jumapili baada ya misa, vinywani mwa watu wawili. Kabla ya hapo hata wao wenyewe hawayajui."

Hapo Robledo akaweka kalamu chini. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga mihuri katika ofisi ya vibali, na katika mabonde yote yale hapakufanyika dansi, mashindano ya kupasua magogo wala onyesho la ng'ombe bila muhuri wake. Alikuwa ameishi miaka mingi miongoni mwa Wabasiki na kujifunza maneno mawili tu ya lugha yao, mkate na hapana. Hilo la pili kwa kulisikia mno.

"Mama, mimi nagonga muhuri juu ya karatasi. Sigongi juu ya hewa."

"Lakini ndivyo wanavyoimba malenga wetu. Mtu anapewa jambo papo hapo, anapewa na sauti ya kuliimbia, halafu anatunga amesimama. Akija na beti mfukoni, watu wanamzomea."

"Basi wazomee. Bila maneno, hakuna Jumapili."

Bixenta alikusanya mkoba wake, akashuka ngazi akiwa amekaza taya. Aliye mgeni katika bonde la Olarreta angedhani kwamba mwanamke yule ameshindwa. Wenyeji wangemwambia asubiri.

Alizaliwa katika nyumba ya shamba juu ya mto, mwaka ule vilipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa washindi wa vita hivyo hawakutaka kuona jina la Kibasiki katika daftari lolote, karani alikuja kumwandika Vicenta. Shuleni palikuwa na pete ya shaba. Mtoto aliyeponyokwa na neno la Kibasiki alivishwa, naye aliivua tu pale alipomkamata mwenzake akiponyokwa vilevile; aliyekutwa nayo Jumamosi ndiye aliyechapwa. Hivyo watoto walijifunza kuvizia ndimi za wenzao. Bixenta alipovishwa hakumvizia mtu. Alikaa nayo hadi Jumamosi, akaenda darajani, akaitupa mtoni. Alichapwa kwa kusema, akachapwa tena kwa kutupa, akarudi nyumbani viganja vimevimba na kumwambia mama yake kwamba sasa mtoni kuna samaki aliyevaa pete.

Masista walimfundisha kushona na kupiga chapa. Kushona hakukumkaa. Alipata kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha watawa, akipanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, na kwa kuwa alikuwa akisahihisha makosa ya waandishi bila kuulizwa, Padri Anbrosio, mkuu wa gazeti la juma lililochapwa pale, alimwambia siku moja kwa hasira, "Kama unajua zaidi, andika wewe!" Akaandika. Ukurasa wake uliitwa Mlango wa Nyuma. Aliandika habari za wanawake wanaochambua matambara katika kiwanda cha karatasi, za chewa mkavu anayeuzwa akiwa na chumvi nyingi kuliko nyama, za mabibi wanaosali kwa lugha moja na kupiga foleni kwa lugha nyingine. Wasomaji waliosoma ukurasa ule kwa kutafuta silabi kwa kidole walikuwa wengi, maana hakuna aliyewahi kufundishwa kusoma lugha ya mama yake. Hata hivyo waliusoma. Bixenta alikuwa na riwaya pia, habari za mwanamke wa kiwandani. Wakaguzi wa serikali walimrudishia ikiwa na mistari myekundu mingi hadi akasema imerudi kama nyama kutoka buchani. Alikataa kuichapisha nusunusu, akaifungia kabatini. Kwa hiyo kilichobaki kumweka hai kama mwandishi kilikuwa Mlango wa Nyuma, na gazeti lilikwisha kuonywa. Chokochoko nyingine yenye jina lake, na ukurasa ungefungwa.

Haya yote Padri Anbrosio aliyarudia siku ile Bixenta aliporudi kutoka ofisini.

"Achana na mkutano huu wa malenga, binti yangu. Erramun ameshazeeka. Anaweza kuimba jikoni kwake."

"Ameimba jikoni tangu walipomkataza jukwaa, Padri. Sauti yake inakwenda. Nataka imalizikie mbele ya watu."

"Na ukurasa wako?"

"Nataka vyote viwili."

Padri alicheka bila kutaka. Kisha akafunga mlango na kusema kwa sauti ya chini, "Robledo anataka karatasi. Si wewe mwandishi? Mpe karatasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Bixenta aliketi mezani kwake Alhamisi nzima, akatunga beti za kitoto: mvua inayonyesha vizuri, matufaha yanayoiva vizuri, ng'ombe na nira wanaopendana kama mume na mke. Akazitafsiri, akaandika juu majina ya malenga wawili, akatia saini. Robledo alizisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga muhuri juu ya kila ukurasa. "Unaona?" alisema. "Yalikuwepo."

Lakini Bixenta alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kibasiki analijua. Kwa watu wale, malenga anaweza kulewa, anaweza kusahau vina, anaweza hata kunyamaza katikati ya ubeti, na watu wakamsamehe. Asichosamehewa ni kuimba kilichoandikwa na mwingine. Habari kwamba kuna karatasi yenye beti za Erramun Saletxe ilipanda mlimani kwa kasi kuliko gari la maziwa.

Alimkuta mzee huyo kwenye kinu cha kukamulia matufaha, kofia yake bapa imesukumwa kisogoni, mikono inanata utamu. Xanti Garro, malenga kijana aliyekuwa aimbe naye, alikuwa akimimina matufaha kutoka kwenye kapu. Erramun hakumkaribisha.

"Xanti, mpishe mwalimu. Amekuja kutusikiliza tumehifadhi au hatujahifadhi."

"Mzee Erramun..."

"Nimeimba tangu sina ndevu. Nimeimba nikiwa na homa, nimeimba kwenye mazishi ya ndugu yangu. Hakuna aliyewahi kunitafunia chakula. Leo unanitemea mdomoni kama kifaranga!"

"Hujaambiwa uziimbe."

"Zina jina langu!"

"Zina saini yangu," alisema Bixenta, naye akapandisha sauti. "Zile ni majani ya kumtupia ng'ombe ili atulie wakati wa kukamuliwa. Nani aliyekwambia majani ni maziwa?"

Xanti akacheka, Erramun akamkata jicho. Juisi ikaendelea kudondoka ndani ya pipa.

"Na huyo sajini wa polisi anayetumwa kutusikiliza?" mzee akauliza. "Ataketi mbele na karatasi yako magotini, na mkalimani kando yake. Nikiimba kingine atajua."

"Atajua."

"Na atakamatwa nani?"

"Mwenye saini."

Erramun aliifuta mikono yake polepole kwa tambara. "Una kichwa kigumu kama punda wa mwamba."

"Nimekulia bonde hilihili, mzee wangu."

"Nitakuja," alisema hatimaye. "Lakini neno hata moja la karatasi yako halitapita kooni mwangu. Na ukitoka huko umepoteza gazeti lako, usije hapa kulia kwenye matufaha yangu, yatachacha vibaya."

Jumapili mvua ilinyesha. Watu walijaa katika uwanja wa mpira wa ukutani, wengine wamekaa hadi juu ya ukuta wa nyuma wakijifunika magunia, na mvuke wa makoti yaliyolowa ukapanda kama wa supu. Mtu aliyetakiwa kuwatajia malenga mada alipeleka habari kwamba meno yanamuuma. Alikuwa mzima wa meno hadi alipoliona gari la polisi. Bixenta hakumlaumu. Alivua koti, akapanda jukwaani mwenyewe.

Haikuwahi kutokea Olarreta mwanamke kusimama pale. Sauti ikatoka upande wa baa: "Bixenta wee! Rudi kwenye sufuria!"

"Sufuria imeshaiva," akajibu bila kugeuka. "Nimekuja kupakua. Leta sahani yako kama unayo."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na Joxepa muuza samaki, ambaye sauti yake ilisikika kutoka soko hadi kituo cha treni, akamalizia, "Hana hata sahani huyo, anakula kwa mama mkwe!"

Sajini alikuwa ameketi safu ya mbele, karatasi za Robledo magotini. Kando yake alikaa Sebero, mkalimani, mzaliwa wa bonde la pili, ambaye mshahara wake ulimfanya atembee akitazama viatu.

Bixenta alianza na mvua, kama ilivyoandikwa. Malenga wakaimba mvua yao wenyewe, lakini ilikuwa mvua, na sajini akaridhika. Akatoa matufaha. Erramun alikuwa bado anapasha sauti moto. Ilikwaruza, ikakatika mahali, na Bixenta akaona watu wakitazamana kwa huruma. Kama alimleta mzee huyu hapa ili ahurumiwe, basi alikuwa amemfanyia ubaya kuliko wale waliomkataza.

Mada ya tatu kwenye karatasi ilikuwa ng'ombe na nira. Akavuta pumzi.

"Erramun," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ukutani, "wewe ni ng'ombe dume mzee. Xanti, wewe ni nira iliyo shingoni mwake. Mmetoka shambani jioni. Mna la kuambiana?"

Sajini akapekua, akaupata ukurasa, akauonyesha kwa kidole: ng'ombe, nira, ndiyo, imo.

Erramun alifumba macho. Alisimama vile kwa muda mrefu, mikono nyuma, mvua ikipiga mabati, na hakuna aliyekohoa. Kisha akaanza, na safari hii sauti haikukwaruza; ilitoka chini kabisa, kama pipa linalozibuliwa:

*Nira ya mti mgumu, imebana shingo yangu,*
*Nalima mawe ya bwana, kwa jasho la mwili wangu,*
*Kaninyang'anya malisho, na jina la mama yangu,*
*Hayo yote achukue...*

Hapo akafunga mdomo.

Ni desturi ya watu wale kwamba malenga anapokaribia kituo, mstari wa mwisho wa ubeti, wasikilizaji ambao wameshanusa anakoelekea huungana naye na kukiimba pamoja. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Lakini malenga naye huimba. Erramun hakuimba. Aliwaachia. Alisimama ametazama juu ya vichwa vyao kama mtu aliyemaliza kazi yake, na kwa pumzi moja, kutoka safu za mbele hadi juu ya ukuta, watu mia kadhaa wakakamilisha:

*Ila si ulimi wangu!*

Hawakukiimba mara moja. Walikirudia, kama ilivyo ada, na mara ya pili madirisha ya baa yalitetemeka. Joxepa alikuwa amesimama juu ya benchi. Xanti, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, alijibu kwamba yeye hakuomba kuwa nira: alikuwa mti mlimani, akakatwa, akachongwa, na siku ng'ombe akiinua kichwa chake yeye ataanguka kwa furaha. Lakini wachache tu walimsikia.

Sajini alikuwa amesimama. "Malenga amesema nini?" akamuuliza Sebero.

"Amesema kuhusu ng'ombe, bwana."

"Mwishoni! Mwishoni amesema nini?"

"Mwishoni hajasema kitu. Amenyamaza."

"Sasa ni nani aliyesema?"

Sebero akageuka kuutazama uwanja, kisha akatazama tena viatu vyake. Midomo yake ilikuwa bado na unyevu wa wimbo, na Bixenta, aliyekuwa hatua chache tu juu yao, alikuwa amemwona akiimba. "Siwezi kujua, bwana," alisema Sebero. "Ni wengi."

Siku iliyofuata Bixenta aliitwa ofisini kwa Robledo. Alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele. Alijifunga skafu nzito, akachukua soksi za akiba endapo wangempeleka moja kwa moja gerezani. Badala yake alivutiwa kiti.

Robledo hakuwa amelala. Mbele yake palikuwa na taarifa ya sajini, na kando yake zile karatasi zenye mihuri. "Mama," alianza, kwa sauti laini asiyoizoea, "hapa kuna kutoelewana. Sajini anasema ziliimbwa beti nyingine. Mimi nasema ziliimbwa hizihizi. Angalia: ng'ombe, nira. Tafsiri labda ilikuwa mbaya kidogo."

Bixenta alielewa. Muhuri ulikuwa wake. Kama pale uwanjani pangekuwa pameimbwa jambo ambalo hakuruhusu, wakubwa wangemuuliza yeye kwanza.

Robledo alimsogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Tia saini hapa kwamba beti zilizoimbwa ni zako, ulizitunga wewe, nami nilizipitisha. Kituo kile tutakiongeza hapa chini kwa mkono wako. Maneno yenyewe si makali. Ng'ombe ana ulimi, sivyo? Utaondoka salama. Gazeti lako nalo salama. Nimeshaongea na watawa."

Alikuwa anampa kila kitu. Ukurasa wake, meza yake kiwandani, Ijumaa zile ambapo wanawake wa matambara husubiri gazeti mlangoni. Alichotaka ni jambo dogo, hata la kumsifu: aukubali ubeti bora uliowahi kusikika Olarreta kuwa ni wake.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Si wangu. Mimi niliandika za mvua na za mapenzi ya ng'ombe, na zilikuwa mbaya. Ule ni wa Erramun Saletxe, na kituo chake ni cha waliokuwepo. Nikiweka jina langu pale nitakuwa nimewaibia."

"Unajua unachokisema? Ukikataa, unakiri kwamba ulinidanganya!"

"Nilikudanganya, Bwana Robledo. Ulitaka beti ambazo hazijatungwa, nikakutungia. Hilo nitatia saini, ukiniandikia. Lakini sitaanza kuwaibia watu wangu ili muhuri wako ulale usingizi."

"Utafungiwa! Hutaandika tena mstari katika nchi hii!"

"Nitaandika," alisema akisimama. "Nyinyi ndio mtakaoshindwa kuusoma."

Hakufungwa, maana kumfunga kungelazimu kueleza sababu. Alitozwa faini, ambayo soko lote la samaki lililipa kabla yeye hajaiona hati, na jina lake likapigwa marufuku katika gazeti. Padri Anbrosio alimletea habari hiyo mwenyewe, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Ungetia saini tu, binti yangu. Erramun angekuelewa."

"Erramun angenielewa, Padri. Ndiyo maana nisingeweza."

Alimkabidhi funguo za chumba cha herufi. Padri akazishika bila kujua pa kuziweka. Wiki ile, mahali pa Mlango wa Nyuma palichapwa tangazo la mbolea.

Jumamosi mchana Bixenta alisafisha meza ya jikoni, akaweka wino na kalamu, akaacha mlango wazi. Alikuwa amewaambia wanawake wawili tu sokoni kwamba yeyote anayetaka kujifunza kuandika lugha yake aje. Alitegemea wawili hao. Walikuja hadi viti vikaisha, wengine wakakalia ndoo: wachambuzi wa matambara wenye vidole vilivyopasuka, fundi wa baiskeli, mwenye baa, hata Sebero, aliyebaki mlangoni akiwa amelowa hadi Bixenta alipomwambia kwa ukali aingie au afunge, maana baridi inaingia.

Wa mwisho alikuwa Joxepa muuza samaki, aliyefika na harufu yake yote, akawasukuma wawili kwa nyonga na kujipatia nusu ya benchi. Alinyanyua kalamu kama anavyonyanyua kisu cha kuparia.

"Sikiliza, Bixenta. Sijaja hapa kuandika sala. Kila siku yule mkaguzi wa soko ananiandikia karatasi kwa lugha yake, nami namjibu kwa mdomo, halafu anajifanya hasikii. Nataka nimjibu kwa maandishi, vilevile ninavyomtukana."

"Kwa lugha yetu? Hataelewa."

"Hiyo ni shida yake. Atatafuta wa kumsomea."

Wote wakamgeukia Sebero, ambaye masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili, lakini hakutazama viatu. Bixenta akachovya kalamu yake, akainyoosha karatasi mbele ya Joxepa kwa viganja vyote viwili.

"Haya, dada," alisema. "Tuanze na tusi gani?"